Python bila kufuli: "mara nne" ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nitoe maoni kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowaeleza wasomaji kwamba lugha ya programu ya Python sasa imeondolewa kufuli lake la zamani, na kwamba programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo zitakwenda kasi mara nne katika kompyuta yenye viini vinne, yaani sehemu nne za prosesa zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja. Habari ya kufuli ina ukweli ndani yake na ilistahili kuandikwa. Kilichonifanya nishike kalamu ni hiyo "mara nne", kwa sababu makala haikusema ni mara nne ya nini, na katika upimaji wa kasi ya nyuzi nyingi (mikondo ya maagizo inayoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) msingi wa ulinganisho ndio habari yenyewe.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, nieleze kwanza kinachozungumzwa. Python hutekelezwa na kifasiri, yaani programu inayosoma maagizo ya mwandishi na kuyatekeleza hatua kwa hatua, na kifasiri kinachotumiwa na wengi zaidi huitwa CPython. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kifasiri hicho kimekuwa na kufuli moja kuu, linalojulikana kwa kifupi kama GIL (Global Interpreter Lock). Mwandishi wa programu anaweza kuigawa kazi yake katika nyuzi kadhaa, lakini uzi wowote unaotaka kutekeleza maagizo ya Python ni lazima kwanza ushike kufuli hilo, nalo hushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, hivyo nyuzi nne katika kompyuta ya viini vinne hufanana na mafundi wanne waliopewa msumeno mmoja. Kufuli halikuwekwa kwa uzembe. Kila kitu kilichomo katika kumbukumbu ya Python hubeba hesabu ya mahali kinakorejelewa, na hesabu hiyo ikifika sifuri kitu hicho hufutwa. Nyuzi mbili zikiibadilisha hesabu hiyo kwa pamoja bila utaratibu, inaweza kukosewa, na kitu ambacho bado kinatumika kikafutwa. Kufuli moja lilizuia balaa hilo kwa gharama ndogo sana, katika enzi ambayo karibu kila kompyuta ya mezani ilikuwa na kiini kimoja.

Majaribio ya kuliondoa yana umri mrefu kuliko umri wa wanafunzi wangu wengi. Katika miaka ya 1990 Greg Stein aliandika marekebisho yaliyoliondoa kufuli kuu na kuweka mengine madogo madogo mahali pake. Yalifanya kazi, lakini programu ya kawaida yenye uzi mmoja ilikwenda kwa karibu nusu ya kasi yake ya awali, na marekebisho hayo hayakupokewa. Mwaka 2007 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, aliandika kwamba angekubali marekebisho ya aina hiyo kwa sharti kwamba programu yenye uzi mmoja isipoteze kasi. Mwaka 2016 Larry Hastings alijaribu tena, akakwama mahali palepale. Ni baada ya hapo tu ndipo Sam Gross, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Meta, alipoleta mbinu mpya ya kuhesabu marejeo ambayo uzi uliokiumba kitu hukihesabu kwa njia ya haraka na nyuzi nyingine kwa njia ya polepole iliyo salama. Pendekezo lake, PEP 703, lilikubaliwa mwaka 2023. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuwa na kifasiri kisicho na kufuli kama jaribio, na toleo la 3.14 la Oktoba 2025 limekitambua rasmi, ingawa bado ni cha hiari. Kwa hiyo msomaji aliyesoma makala yenu na kupakua Python ya kawaida amepata kifasiri chenye kufuli lilelile, na nyuzi zake nne zitaendelea kupokezana.

Tazama jinsi historia yote hiyo inavyozunguka swali moja: programu yenye uzi mmoja inapoteza nini? Waliolikataa jaribio la kwanza hawakukana kwamba nyuzi nyingi zilipata nafuu. Walikataa bei yake. Bei hiyo ipo hata leo. Katika toleo la 3.13 nyaraka za Python zenyewe zilieleza kwamba kifasiri kisicho na kufuli, kikiendesha programu ya uzi mmoja, kilikuwa na mzigo wa ziada wa takriban asilimia 40 katika mkusanyo wa majaribio uitwao pyperformance. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mbinu iliyoanza na toleo la 3.11, ambayo kifasiri hujirekebisha kulingana na aina ya data kinayokutana nayo, ilikuwa imezimwa kwa kuwa haikuwa salama kwa nyuzi nyingi. Katika toleo la 3.14 mbinu hiyo imerudishwa, na mzigo umeshuka hadi kati ya asilimia 5 na 10 kutegemea mashine. Mtu anayeandika "Python isiyo na kufuli" bila kutaja toleo, basi, ameacha nje jambo linaloweza kuligeuza jibu lake.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme kazi fulani huchukua sekunde 10 katika Python ya kawaida, sekunde 14 katika kifasiri kisicho na kufuli kwa uzi mmoja, na sekunde 4 katika kifasiri hichohicho kwa nyuzi nne. Mpimaji akigawa 14 kwa 4 atatangaza kuwa kasi imeongezeka mara 3.5, akigawa 10 kwa 4 atatangaza mara 2.5. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza inajibu swali ambalo hakuna mtumiaji aliyeliuliza, kwa kuwa hakuna anayelazimika kukitumia kifasiri kipya kwa uzi mmoja wakati cha zamani kipo na kina kasi zaidi. Ubaya wake ni kwamba kadiri kifasiri kinavyokuwa kizito kwa uzi mmoja, ndivyo grafu yake ya nyuzi nyingi inavyopendeza, kwa sababu kinajishindanisha na udhaifu wake mwenyewe. Mtu anaweza kuharibu mashine nusu na bado akatoka na mstari mzuri unaopanda.

Hata hiyo mara 2.5 haijakamilika kama ushauri kwa anayetaka kuamua. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, Python imekuwa na maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari, iitwayo multiprocessing, inayogawa kazi katika michakato kamili (programu zinazojitegemea), kila mmoja ukiwa na kifasiri chake na kufuli lake, hivyo viini vyote hufanya kazi kwa pamoja bila kusubiriana. Gharama yake ni kumbukumbu zaidi, na data inayopita kati ya michakato ni lazima ifungashwe upande mmoja na kufunguliwa upande wa pili. Kazi ambayo data yake ni ndogo na hesabu zake ni nyingi hufanikiwa kwa njia hiyo tangu zamani. Kazi inayohitaji viini vyote visome jedwali moja kubwa lililo katika kumbukumbu ndiyo inayonufaika na nyuzi. Mshindani halali wa nyuzi mpya ni njia bora ambayo mtumiaji angeweza kuifuata jana, na makala yenye kumshauri mtu abadilishe mfumo wake ingepaswa kuwa na namba ya njia hiyo pia.

Namna ya kazi inayopimwa ina uzito uleule. Mwaka 2009 David Beazley aliwaonyesha wenzake mjini Chicago jaribio dogo lililopata umaarufu: kazi ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka milioni 100 hadi sifuri, ikifanywa mara mbili kwa kufuatana, halafu ikifanywa na nyuzi mbili kwa pamoja. Katika kompyuta ya viini vingi nyuzi mbili zilichukua karibu muda maradufu ya ule wa kufuatana, kwa sababu zilikuwa zikigombea kufuli, na alipokizima kiini kimoja cha kompyuta, hali ilikuwa nafuu kidogo. Lilikuwa jaribio zuri sana kwa kusudi lake, nalo lilichangia kufuli kuandikwa upya na Antoine Pitrou katika toleo la 3.2. Leo jaribio la aina hiyohiyo, au mwenzake wa kutafuta namba tasa, hutumiwa kukisifia kifasiri kisicho na kufuli, na bila shaka hukisifia, kwa kuwa kila uzi una namba zake peke yake na haugusi kitu cha mwenzake. Programu za kweli haziko hivyo. Seva ya tovuti ina kamusi moja (jedwali la majina na thamani zake) ya kumbukumbu za muda inayosomwa na nyuzi zote; mfumo wa takwimu una orodha moja ambayo kila uzi huongeza matokeo yake. Katika kifasiri kipya kila orodha na kila kamusi ina kufuli lake dogo, na hesabu ya marejeo ya kitu kinachoguswa na nyuzi nyingi ni lazima ibadilishwe kwa maagizo ya prosesa ambayo ni ghali zaidi, huku viini vikinyang'anyana kipande kilekile cha kumbukumbu ya karibu, ile hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Inawezekana kabisa nyuzi nane zinazoongeza vitu katika orodha moja zikawa za polepole kuliko uzi mmoja, na hilo si kosa la kifasiri; ni kazi iliyoandikwa vibaya kwa nyuzi. Jaribio la namba tasa halitalionyesha kamwe.

Upande wa pili zipo kazi ambazo kufuli halikuwahi kuzizuia. Uzi unaosubiri jibu kutoka mtandaoni au kutoka kwenye diski huliachia kufuli wakati unasubiri, na maktaba kama NumPy huliachia katika hesabu nyingi kubwa za safu za namba. Ofisi ambayo programu yake hukaa muda mwingi ikisubiri hifadhidata haitaona tofauti ya maana. Na palipo na sehemu ya kazi isiyogawanyika, kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967 haijabatilishwa na toleo lolote: kazi ambayo robo yake ni lazima ifanywe kwa kufuatana haiwezi kwenda kasi zaidi ya mara 2.3 hivi kwa viini vinne, wala mara 4 hata ukipewa viini elfu moja. Makala ilipoandika viini vinne sawasawa na mara nne, iliichukulia kila programu kuwa haina hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Kuna pia jambo la saa na vifaa vya kupimia, ambalo najua ni la kiufundi lakini ndimo namba nyingi zinamopotelea. Python ina saa inayopima muda wa ukutani, yaani muda halisi uliopita, perf_counter, na ina nyingine, process_time, inayojumlisha muda ambao mchakato mzima ulitumia prosesa. Nyuzi nne zikifanya kazi pamoja kwa sekunde 4, saa ya pili itasoma karibu 16, na mwanafunzi atahitimisha kuwa nyuzi hazisaidii. Kifaa maarufu cha timeit huzima ukusanyaji wa takataka za kumbukumbu, yaani usafishaji wa vitu visivyotumika tena, wakati wa kupima. Kwa vipande vidogo vya msimbo hilo lina busara yake, lakini katika kifasiri kisicho na kufuli mkusanyaji huyo husimamisha nyuzi zote kila anapopita, kwa hiyo kumzima ni kuficha moja ya gharama halisi za nyuzi nyingi. Mtego mbaya kuliko yote ni huu: ukiita maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C ambayo haijatangaza kuwa iko tayari kuishi bila kufuli, kifasiri hulirudisha kufuli chenyewe na kuandika onyo la mstari mmoja kwenye skrini. Asiyesoma maonyo, na ni wengi, atapima Python yenye kufuli akidhani anapima isiyo nalo. Dawa ni kuuliza kwa sys._is_gil_enabled() baada ya maktaba zote kuitwa na kuliandika jibu pamoja na matokeo.

Mashine nayo ina hila zake. Prosesa nyingi za leo hupandisha kasi pale kiini kimoja tu kinapofanya kazi na kuishusha vyote vinapoamka, hivyo uzi mmoja hupimwa kwa mwendo ambao nyuzi nne hazitaupata. Kompyuta inayojitangaza kuwa na nafasi nane za kutekelezea inaweza kuwa na viini vinne tu vya kweli. Na katika kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, viini vinne ni vya nguvu na vinne ni vya kubana matumizi ya umeme, ambavyo haviwezi kuhesabiwa kama wenzao. Kwetu kuna la ziada. Kompyuta mpakato ikiwekwa kwenye meza ya chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Februari, hupata joto, na ikipata joto prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Umeme ukikatika na mashine ikahamia betri, kasi hushuka tena kimyakimya. Jaribio la uzi mmoja lililofanywa mwanzo mashine ikiwa baridi, likifuatwa na la nyuzi nane mashine ikiwa imeshika moto, limepima hali ya hewa pia. Ndiyo maana majaribio hupaswa kupishanishwa na kurudiwa, mizunguko ya kwanza kuachwa kwa kuwa kifasiri bado kinajizoesha, na matokeo kutolewa pamoja na mtawanyiko wake. Chombo cha pyperf kilichoandikwa na Victor Stinner hufanya sehemu kubwa ya hayo chenyewe, na hakina malipo.

Nisisahau kwamba muda wa jumla si kipimo pekee. Tangu toleo la 3.2, uzi unaotaka kufuli lililoshikwa na mwenzake husubiri hadi milisekunde 5 kabla ya kumlazimisha aliachie. Katika programu yenye uzi mmoja unaopiga hesabu nzito na mwingine unaojibu maombi ya mtandao, kila mara wa pili anapoliachia kufuli ili kusoma ombi, wa kwanza hulikamata, na wa pili husubiri tena milisekunde hizo 5, kiasi kwamba hata akilihitaji mara moja tu kwa kila ombi, hawezi kujibu zaidi ya maombi 200 hivi kwa sekunde, ingawa kazi yake yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Beazley alilionyesha tatizo hili mapema sana. Kwangu mimi, nafuu kubwa ya kuondoa kufuli iko hapa kuliko katika hiyo "mara nne", kwa sababu uzi wa maombi haungoji tena zamu. Lakini mpimaji anayeangalia tu kazi nzima imeisha lini hataiona. Wastani nao hautoshi. Apime asilimia 1 ya majibu yaliyochelewa zaidi.

Nisieleweke kuwa naipinga kazi ya Sam Gross na wenzake, kwani kushusha mzigo kutoka asilimia 40 hadi kati ya 5 na 10 ndani ya toleo moja ni kazi ya uhandisi ambayo wengi walidhani haiwezekani. Wala tatizo si la Python peke yake: lugha nyingine ya programu, Ruby, katika kifasiri chake cha kawaida ina kufuli la namna hiyohiyo, ilhali JRuby, inayokaa juu ya mashine ya Java, haina, na wanaolinganisha hizo mbili kwa jaribio la sekunde chache huidhulumu JRuby, ambayo huhitaji muda wa kupasha moto kabla ya kufika kasi yake. Malalamiko yangu ni juu ya namba iliyotolewa peke yake kwa wasomaji ambao baadhi yao ndio wanaoidhinisha ununuzi wa seva.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, Mhariri, kwamba makala ijayo ya aina hii ichapishe sekunde zenyewe kabla ya uwiano wowote: sekunde za Python ya kawaida kwa uzi mmoja, sekunde za kifasiri kisicho na kufuli kwa uzi mmoja na kwa nyuzi kadhaa, na sekunde za michakato mingi, pamoja na namba kamili ya toleo, aina ya prosesa, na maelezo ya kazi iliyopimwa na kama nyuzi zake zilishirikiana data au la. Haya yote huingia katika jedwali la mistari mitano. Na kama mwandishi wa makala iliyopita bado anao msimbo wa jaribio lake, nitashukuru akiuweka wazi ili wanafunzi wangu waurudie katika toleo la 3.14 na kukuletea matokeo, yawe yanaiunga mkono "mara nne" yake au yanaipunguza.

Wako,
Mwalimu wa programu za kompyuta,
Morogoro